Paneli Imeandikwa Wati 300, Mbona Nyumbani Zinafika 120?

Chukua duka la vinywaji kando ya barabara ya Mikindani: bati juu, feni moja, friji la soda. Mwenye duka kanunua paneli ya wati 300, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, kontrola ya bei ya chini (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) na inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO. Saa saba mchana, jua kali, hakuna hata wingu, kontrola inaonyesha betri inapokea wati 120. Mia na themanini zimekwenda wapi? Wa kwanza kulaumiwa huwa ni paneli: "feki hii." Mara nyingi paneli haina kosa lolote. Umeme umepotea njiani, na kila mahali unapopotea panajulikana, panapimika, na pengi panarekebishika. Tuifuate njia hiyo tangu mwanga unapogonga kioo hadi taa inapowaka.

Ndani ya kioo

Rangi ya bluu au nyeusi unayoiona chini ya kioo cha paneli ni vipande vyembamba vya silikoni, elementi ile ile iliyomo kwenye mchanga wa kawaida, iliyosafishwa kiwandani hadi ikatakata. Kila kipande huitwa seli, nacho kina pande mbili. Upande mmoja umetiwa fosforasi kidogo mno, ukawa na elektroni za ziada. Upande wa pili umetiwa boroni, ukapungukiwa na elektroni. Pande hizo zinapokutana hujiwekea mpaka wenye msukumo wa umeme, na mpaka huo husukuma elektroni kuelekea upande mmoja tu.

Anayejua dema la wavuvi ameshaelewa nusu ya habari. Samaki huingia kwa mdomo mpana, kutoka hawezi. Mwanga unapoigonga silikoni huing'oa elektroni mahali pake, mpaka unaisukuma upande wa fosforasi, na kurudi kwa njia ile ile imeshindikana. Ila elektroni, tofauti na samaki, imeachiwa mlango mmoja wa kurudia kwao, nao ni waya. Itazunguka nje, ipite kwenye betri au taa, iingie upande wa boroni kwa nyuma. Mzunguko huo ndio umeme. Ndani ya paneli hakuna kinachoungua wala kinachosagika, ndiyo maana paneli nzuri huuzwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 hivi.

Sehemu kubwa ya mwanga haigeuki umeme hata kidogo. Mwanga dhaifu hauna nguvu ya kung'oa elektroni, na wenye nguvu kupita kiasi, ziada yake inaishia kuwa joto. Paneli za silikoni zinazouzwa siku hizi hugeuza takriban asilimia 20 hadi 23 ya mwanga zinaoupokea.

Seli moja hutoa karibu nusu volti, haiwashi kitu. Kwa hiyo seli huungwa mfululizo. Zikiwa 36, paneli hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, inayotosha kusukuma umeme ndani ya betri ya volti 12. Zikiwa 60, hufanya kazi kwenye volti 32 hivi. Shika tofauti hii ya 18 na 32. Ndiyo itakayofumbua fumbo la duka letu.

Jua la maabara na jua la juu ya bati

Wati 300 za kwenye lebo zilipimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Lindi saa saba mchana seli hufika nyuzi 60 hadi 65. Silikoni inapenda mwanga, haipendi joto: kila nyuzi moja juu ya 25 huondoa kama asilimia 0.35 ya uwezo. Kwa nyuzi 65, hiyo ni asilimia 14, na paneli yetu imeshakuwa ya wati 258 kabla hujaunga waya wowote.

Dawa yake ni hewa. Paneli iliyolazwa moja kwa moja juu ya bati inakaangwa pande zote mbili. Inyanyue kwa reli za alumini ibaki nafasi ya sentimita 10 hadi 15 chini yake, upepo upite. Kwa sababu hiyo hiyo, miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, anga ikiwa safi na upepo wa bahari ukivuma, paneli hufanya kazi vizuri kuliko siku ya Januari yenye joto la kukata pumzi, hata kama ngozi yako inakuambia kwamba jua la Januari ndilo kali zaidi.

Uelekeo nao una hesabu yake. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Februari hivi hupita kidogo upande wa kusini, lakini karibu kabisa na utosi, kwa hiyo halileti hasara kubwa. Elekeza paneli kaskazini, inamo wa nyuzi 10 hadi 15. Usiilaze chini ya nyuzi 10, maana maji ya mvua hayatateremka na uchafu utaganda kwenye ukingo wa chini. Kama paa lako linatazama mashariki na magharibi, lifuate tu lilivyo. Kwa inamo mdogo hasara ni asilimia chache, haifai kuchomelea fremu ya gharama kwa ajili yake. Paa linalotazama kusini ndilo la kukwepa: likiwa na inamo wa nyuzi 15, adhuhuri ya Juni hupokea karibu theluthi moja pungufu ya lile linalotazama kaskazini.

Kivuli cha kuti moja

Kama kuna sehemu watu wanadharau, ni hii. Seli zilizoungwa mfululizo ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo kutoka kisimani. Mmoja akilegea, mstari mzima unakwenda kwa kasi yake. Kuti moja la mnazi likitia kivuli seli moja, mkondo wa seli zote zilizo kwenye mstari huo unashuka hadi kiwango cha seli hiyo. Mbaya zaidi, seli iliyofunikwa inaacha kuzalisha na kuanza kula umeme wa wenzake, inapata moto, na baada ya miezi utaona doa la kahawia chini ya kioo.

Ili kuzuia hilo, kiboksi cheusi nyuma ya paneli kwa kawaida huwa na diodi tatu, yaani vali za umeme za njia moja. Kila diodi inalinda theluthi moja ya seli: theluthi ikikwama, mkondo unaipita pembeni. Kwa hiyo kivuli cha seli moja kinaweza kukugharimu wati 100 kati ya 300, na kivuli chembamba cha nguzo ya antena kikikatiza theluthi zote tatu kinaweza kuizima paneli karibu yote.

Pima kivuli kwa Juni, si kwa siku ya kufunga. Mnazi wa mita 12 ulio kaskazini ya nyumba hutupa kivuli cha mita 8 kuelekea kusini adhuhuri ya mwezi huo, na asubuhi na alasiri ni kirefu zaidi. Fundi anayefunga sola Desemba, vivuli vikiwa vifupi na upande wa kaskazini, anaweza kuondoka akiamini paa liko wazi. Mkorosho au mwembe ulio karibu usitazame ulivyo leo tu. Miaka mitano ijayo utakuwa umetanda.

Chumvi, vumbi na salfa

Wilaya za pwani, toka Kilwa hadi Msimbati, zina adui asiyeonekana: hewa ya chumvi. Kioo haikidhuru sana. Inakula viungo. Bolti ya chuma cha kawaida ikigusa fremu ya alumini mahali penye chumvi na unyevu, alumini huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe. Tumia bolti za chuma cha pua. Waya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa seloteipu hugeuka kijani ndani ya misimu michache. Kiungo chenye kutu kinazuia umeme, kinapata joto, na moto mwingi wa sola huanzia hapo. Tumia viunganishi maalumu vya paneli vinavyojifunga kwa mlio, vya aina moja pande zote, na uvifunge juu, mbali na maji yanayotiririka kwenye bati. Ukinunua paneli ya kufunga karibu na bahari, uliza kama imepimwa kwa kiwango cha IEC 61701, ambacho ndicho kipimo cha kuhimili ukungu wa chumvi.

Bara, kuanzia Masasi na Nachingwea hadi Uwanda wa Makonde, shida ni vumbi jekundu. Juu yake inaongezeka salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga. Unga huo mwepesi wa salfa husafiri na upepo na kutua kwenye kila kitu. Kinachouma ni kwamba salfa na vumbi huja katika miezi ile ile ya kiangazi ambayo jua ni zuri na mvua ya kuosha hakuna. Paneli ikiachwa bila kuguswa toka Juni hadi Novemba inakuwa na ngozi juu yake.

Osha kila baada ya wiki mbili au tatu wakati huo, alfajiri au jioni kioo kikiwa baridi. Maji ya baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Lita 2 au 3 kwa paneli zinatosha, jambo muhimu kwa Newala na Tandahimba ambako maji ni ya kuhesabu. Umande wa alfajiri na kitambaa laini pia vinasaidia. Usisugue kikavu, mchanga utachora kioo. Na usitumie maji ya kisima yenye chumvi kisha ukayaacha yakauke.

Waya mwembamba

Sola ya volti 12 haina nguvu ya kusafiri. Tuseme unavuta ampea 10, yaani wati 120, kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 (za mraba, ndio unene wa shaba yake) toka paneli hadi betri iliyo mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 20, wenye ukinzani wa omu 0.14. Ampea 10 mara 0.14 ni volti 1.4 zilizobaki kwenye waya kama joto, karibu asilimia 12 ya volti zako. Tumia waya wa milimita 1.5, ule wa taa, na hasara inafika volti 2.3. Tumia wa milimita 6 na inashuka hadi 0.6. Wati hizo hizo 120 zikisafirishwa kwa volti 48 zinahitaji ampea 2.5 tu, na waya uleule wa milimita 2.5 unapoteza volti 0.35. Ndiyo maana mifumo mikubwa hufungwa kwa volti 24 au 48, na ndiyo maana betri huwekwa karibu na kontrola.

Fumbo la duka

Kontrola inakaa kati ya paneli na betri, kazi yake kuzuia betri isijae kupita kiasi. Ziko za aina mbili, na herufi zake zimeandikwa kwenye kasha: PWM na MPPT. Ya PWM ni swichi yenye kasi. Inaunga paneli moja kwa moja na betri, hivyo betri ndiyo inayoamua volti. Paneli ya duka letu ni ya seli 60, iliyoundwa kufanya kazi kwenye volti 32, na hapa inaburutwa hadi volti 13 za betri, huku ampea zikibaki zile zile kama 9.2. Zidisha: 13 mara 9.2 ni karibu 120. Hizo ndizo wati za duka letu. Paneli ni nzima, imefungwa kamba miguuni.

Kontrola ya MPPT inaiacha paneli kwenye volti zake, kisha inabadilisha volti zilizozidi kuwa ampea. Kwa paneli hiyo hiyo, baada ya kuondoa hasara ya joto, betri ingepokea wati 240 hivi, yaani ampea 18 au 19. Kwa hiyo inatakiwa ya ampea 30, na waya kati yake na betri uwe wa milimita 10. PWM si mbovu kwa kila mtu: ukiwa na paneli ya seli 36 na betri ya volti 12, inatosha kabisa na ni rahisi. Kosa ni kuichanganya na paneli kubwa za seli 60 au 72, kosa ambalo hakuna kipimo cha paneli kitakacholionyesha.

Mpangilio wa kuunga nao una maana. Betri kwanza, ili kontrola ijue inahudumia volti 12 au 24. Paneli baadaye. Vifaa mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Weka fyuzi kwenye waya chanya wa betri, karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ikigusana nyaya hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Breka za upande wa paneli na betri ziwe zile zilizoandikwa DC. Cheche ya mkondo mnyoofu haizimiki yenyewe kama ya umeme wa TANESCO, na breka ya kawaida inaweza kuyeyuka ikiwa imefunguka. Fremu na inveta viungwe na ethi, waya unaoingia ardhini.

Betri hufa kwa njaa

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini nusu tu ndiyo ya kula. Ukiimaliza kila siku, fuwele za salfati huganda kwenye sahani zake na haitarudi. Ikiwa imetulia saa chache bila kuchajiwa wala kutumika, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu; usiishushe zaidi ya hapo. Ya maji iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya mvua, si ya bomba, na kamwe si asidi. Betri ya gari haifai: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hukuruhusu kutumia asilimia 80 na zaidi, inadumu mara nyingi zaidi, na ukipiga hesabu ya miaka, ndiyo tungemshauri mtu aliye na uwezo wa kulipa mwanzoni. Zote hazipendi joto. Usiziweke chumba cha bati kisicho na dirisha.

Hesabu ya nyumba, hesabu ya biashara

Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5 ni 250, king'amuzi 75. Feni ya wati 50 usiku saa 8 ni 400. Simu nne, kama 60. Jumla 995, sawa na uniti moja ya LUKU.

Kusini tunaweza kukadiria saa 5 za jua kamili kwa siku, yaani jua la siku nzima likikusanywa kuwa la nguvu ile ya kiwandani, na baada ya joto, vumbi, waya, betri na inveta, hubaki asilimia 70, sawa na saa 3.5. Gawanya 1,000 kwa 3.5: unahitaji paneli ya wati 286, yaani 300. Lakini msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, hesabu saa 4, na jibu linakuwa wati 360 hivi. Panga kwa mvua. Kuhifadhi uniti hiyo unahitaji betri mbili za risasi za ampea-saa 100, au moja ya lithiamu.

Friji huongeza kama uniti nzima nyingine, na kuna mtego: kompresa yake ya wati 100 huvuta mara tano hadi saba ya hapo wakati wa kuwaka. Inveta ya wati 300 itazima kila mara. Chukua ya wati 1,000, ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi hufanya mota zilie na kupata moto. Pasi na jiko la umeme viache kabisa nje ya hesabu.

Biashara ya mchana ina nafuu. Saluni, cherehani na mashine ya kutoa nakala hula umeme jua likiwa juu, kwa hiyo betri inaweza kuwa ndogo. Pampu ya maji haihitaji betri kabisa, maji kwenye tangi ndiyo akiba. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 100 kunahitaji kama uniti 0.6 ukihesabu upotevu wa pampu. Lita 5,000 kwa siku ni uniti 3, kazi ya paneli za wati 900 hivi. Kwa ghala au ofisi yenye umeme wa TANESCO kuna inveta za kuunganishwa na gridi, lakini kwanza upate idhini ya shirika. Wengi hushangaa gridi ikikatika na paneli nazo zinazimika mchana kweupe. Ndivyo inavyotakiwa, ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na umeme wa paa lako. Anayetaka taa ziendelee anunue inveta mseto yenye betri.

Dukani, kabla hujalipa

Nenda na futi ya kupimia. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hadi 230, basi. Paneli ya wati 550 huwa na mita 2.28 kwa 1.13 hivi, ya wati 100 huchukua nusu mita ya mraba. Ukioneshwa "wati 300" zilizoenea kwenye eneo la meza ndogo ya chai, lebo inadanganya.

Muuzaji akiweka mita na kukuonyesha volti 21 ndani ya duka, usiridhike. Volti hupanda karibu zote hata kwenye mwanga hafifu, na paneli mbovu inaweza kuonyesha volti nzuri. Kinachosema kweli ni ampea. Itoeni juani karibu na adhuhuri, ielekezwe kwenye jua, mita iwekwe kwenye ampea 10 za DC, na ncha zake ziguswe kwenye nyaya mbili za paneli. Paneli ya wati 100 ya seli 36 ionyeshe karibu ampea 6. Yenye ampea 3 ni ya wati 50 iliyovalishwa lebo ya 100. Linganisha na namba iliyoandikwa Isc nyuma yake, yaani ampea za paneli nyaya zake mbili zikiguswa pamoja, na kama Isc hiyo inazidi 10, tumia mita ya kubana waya. Kabla ya kutenganisha ncha, ifunikeni paneli kwa khanga au boksi, cheche isiruke.